Kabla hujafunga waya za meno: kupinda ni jambo moja, kukutana vibaya ni jambo jingine

Msaidizi wa Kiti (mtoa mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Nafanya kazi kwenye kliniki ya kupanga meno, upande wa kumsaidia daktari kitini. Wagonjwa wengi wanaingia na picha kwenye simu, wameikuza mpaka linabaki jino moja tu, wanasema, "Daktari, nataka hili lirudi ndani." Daktari anaitazama picha kwa adabu, kisha anasema, "Meza mate, halafu ng'ata kwa magego." Anavuta shavu la kulia kwa kioo, anavuta la kushoto, anaweka rula ndogo kwenye meno ya mbele. Hapo ndipo wengi wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba tatizo lao liko nyuma ambako hawajawahi kutazama, au kwamba hawana tatizo lolote la kiafya.

Ninachotaka tujadili ni hiki. Namna meno yanavyokutana ni swali la daktari, lina vipimo na lina madhara. Namna meno yanavyoonekana ni swali la mwenye meno, na ni haki yake. Tukiyachanganya, mtu asiye na shida anakaa na waya miaka miwili kwa sababu ya maneno ya watu, na mwenye shida ya kweli anaambiwa "mbona meno yako mazuri tu" mpaka yanasagika.

Tuanze na kukutana. Mwaka 1899 daktari wa Marekani, Edward Angle, aliweka mgawanyo unaotumika kliniki nyingi hadi leo. Alichukua gego la kwanza la kudumu kuwa kipimo, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto. (Wazazi wengi hulidhani ni la utoto kwa sababu halikung'oa jino lolote, wakaliacha lioze. Tafadhali sana, hilo halina mbadala.) Daraja la kwanza, gego la juu limekaa sawasawa juu ya mwenzake wa chini, ila mbele meno yamebanana, yamepandana au yameachana. Daraja la pili, la chini limebaki nyuma, na mara nyingi ndipo meno ya juu yanapotokeza. Daraja la tatu, la chini limetangulia, na kidevu nacho kinaenda mbele.

Sasa angalia linalotokea. Mtu wa daraja la kwanza anaweza kuwa na chonge zimepanda juu ya ufizi, kila mtu anaziona, na bado magego yake yanasaga vizuri kabisa. Mwingine safu yake ya mbele imenyooka, anasifiwa tabasamu, lakini meno ya juu yameyafunika ya chini yote, na kila akifunga mdomo ncha za meno ya chini zinapiga kaakaa. Nimeshika taa hapo mara nyingi. Unaona vishimo vyekundu nyuma ya meno ya mbele ya juu, kimoja kwa kila jino la chini, unaweza kuvihesabu. Huyo hata kwenye picha ya harusi hutamwona ana tatizo.

Kutokeza kwa meno ya juu hupimwa kwa milimita. Meno ya juu kutangulia ya chini kwa milimita 2 hadi 4 ni kawaida. Yakipita 6, hatari ya kuvunjika mtoto akianguka inaongezeka waziwazi, hasa kama mdomo wa juu hauyafuniki. Kuna meno ya juu kuingia ndani ya ya chini, upande mmoja au pande zote. Mtoto anapofunga, meno machache yanagusana kwanza, halafu taya linateleza kwenda pembeni ili apate pa kung'atia. Mwambie afungue na kufunga polepole, tazama kidevu chake: kinahama. Na kuna walio na uwazi mbele, magego yanagusana lakini meno ya mbele hayafikiani, hata uzi hawaukati kwa meno.

Uingereza wana kipimo kilichochapishwa mwaka 1989 na Brook na Shaw ambacho mimi nakipenda kwa sababu kimeyatenga mambo mawili haya. Sehemu moja ni ya afya, ina madaraja 5, na anayepima anachukua kasoro moja iliyo mbaya kuliko zote, hajumlishi. Meno yaliyotokeza zaidi ya milimita 9 yako daraja la 5 moja kwa moja. Sehemu ya pili ni ya mwonekano, ni picha 10 zilizopangwa kuanzia safu nzuri hadi mbaya, mtu analinganishwa nazo. Kule mtoto aliye chini ya miaka 18 hutibiwa kwa gharama ya serikali akiwa daraja la 4 au la 5. Wa daraja la 3 anaingia tu kama mwonekano wake unafikia picha ya 6 kwenda juu. Yaani mwonekano umepewa nafasi, lakini haukuachiwa kiti cha mbele.

Karibuni. Wenye watoto, wenye waya sasa hivi, waliomaliza, na wanaoona ni ufujaji wa hela, wote semeni.

Mama Pacha

Asante kwa uzi. Nina binti wa miaka 8, meno mawili ya juu yametokeza sana. Darasani wamempa jina na sasa akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Mwalimu wake anasema hata kusoma kwa sauti amekataa. Daktari mmoja kaniambia tuanze sasa hivi, mwingine kasema nisubiri mpaka miaka 12. Nimsikilize nani?

Msaidizi wa Kiti

Dada Mama Pacha, pole, na mpe pole binti.

Wote wawili wana hoja. Jambo hili limefanyiwa tafiti nyingi, na mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yameziweka pamoja: watoto walioanza mapema wakatibiwa kwa awamu mbili, na waliosubiri wakatibiwa mara moja wakibalehe, mwisho wa siku meno yao yalikaa karibu sawasawa. Tofauti iliyoonekana ni moja, walioanza mapema walipungukiwa na ajali za kuvunja meno ya mbele. Kwa hiyo ukianza sasa, jua kuna uwezekano mkubwa wa kurudia tena akifika miaka 12 au 13, na uvumilivu wa mtoto una kikomo.

Ila hapo kwenye kuziba mdomo mimi siwezi kupita. Mtoto kukataa kusoma kwa sauti ni sababu ya kutosha kabisa ya kumpeleka akasikilizwe, hata kama rula inasema milimita 5. Muulize daktari swali hili hasa: "Tukianza sasa tutapunguza nini, na nini kitabaki cha awamu ya pili?" Anayekujibu kwa uwazi ndiye wa kumsikiliza. Na kama anacheza michezo ya kugongana, apate kinga ya meno ya mpira, hiyo haisubiri.

Muhimu pia, chunguza kama ananyonya kidole usiku. Tabia hiyo ikiendelea meno ya kudumu yakishaanza kuota, inasukuma ya juu mbele na kuacha uwazi. Ikikoma mapema, uwazi mara nyingi hupungua wenyewe.

Mama Pacha

Hanyonyi kidole. Ila analala mdomo wazi, na anakoroma.

Msaidizi wa Kiti

Basi kabla ya waya, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto anayekoroma kila usiku anahitaji kuangaliwa njia ya hewa, kwa ajili ya usingizi wake kwanza.

Mzee wa Busati

Nitasema lisilopendwa. Wazee wetu walizaliwa na meno yao, wakala nayo, wakaoa nayo, wakazeeka nayo. Hakuna aliyekufa kwa jino kupinda. Leo kila kijana ana chuma mdomoni. Hii ni biashara ya kumfanya mtu aone aibu kisha kumuuzia dawa ya aibu.

Msaidizi wa Kiti

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito kuliko unavyodhani, na ina ushahidi.

Mwaka 1981 kule Cardiff, Wales, watafiti waliwapima watoto 1,018 wa miaka 11 na 12, wakaandika hali ya meno yao na hali zao za kisaikolojia. Mwaka 2001, wakiwa watu wazima, walipatikana 337 kati yao. Matokeo yalichapishwa 2007. Waliokuwa na uhitaji wa matibabu utotoni lakini hawakuyapata, hawakuonekana kuwa na matatizo ya kisaikolojia ukubwani kwa sababu hiyo. Waliotibiwa waliridhika zaidi na meno yao, hilo ni kweli, ila kujithamini kwao kwa jumla hakukuletwa na waya.

Kwa hiyo anayemwambia mzazi "usipomfunga waya mwanao atakosa kujiamini maisha yote" anasema kitu ambacho hakijathibitika, na mimi naona ni vibaya sana kumtisha mzazi hivyo.

Lakini mzee, utafiti huo haukusema vishimo vya kaakaa vinajiponya. Na haukusema mtoto wa Mama Pacha haumii leo. Miaka 20 mbele atakuwa sawa, inshallah, lakini kesho asubuhi ana darasa.

Mzee wa Busati

Marahaba. Hapo kwenye kumtisha mzazi ndipo nilipokuwa nalenga. Endelea, nasoma.

Uwazi wa Mbele

Mzee Busati, nakuheshimu, ila niseme kama mtu mwenye tatizo lenyewe. Mimi meno ya mbele hayagusani. Magego mawili kila upande ndiyo yanayofanya kazi ya mdomo mzima. Daktari alinipa karatasi ya rangi ning'ate, ile nyembamba ya bluu. Alipoitoa, rangi ilikuwa imeshika sehemu nne tu mdomo mzima, na hapo kwenye alama magego yangu yamelika mpaka yamekuwa bapa, rangi ya ndani ya jino inaonekana. Kwa mbele ukiniona nikiwa nimefunga mdomo hutajua kitu. Nimeambiwa maisha yangu yote "una meno mazuri meupe." Sikufuata uzuri mimi. Nilifuata kula.

Taya Mbele

Nimefurahi mtu kalitenga hili. Mimi ni daraja la tatu la Angle, kidevu kimetangulia, nina miaka 17, mvulana. Nimeambiwa waya peke yake hazitatosha, mpaka upasuaji wa taya, na tena nisubiri. Kwa nini nisubiri wakati tatizo linaonekana kila siku? Halafu wanasema meno yangu yataonekana vibaya zaidi kabla ya upasuaji. Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari wa Magego

Nimeona nichangie hapa, mimi ni daktari wa meno.

Mdogo wangu, kusubiri ni kwa sababu taya la chini linaendelea kukua, na kwa wavulana huchelewa kukoma kuliko kwa wasichana. Ukipasuliwa leo likaongezeka kesho, kazi yote inaharibika. Ndiyo maana tunapiga eksirei za pembeni kwa kupishana muda, tunazilinganisha, mpaka tuone hakuna kilichosogea.

Kuhusu meno kuonekana vibaya zaidi, umeambiwa ukweli, na ni dalili nzuri kwamba daktari wako hakufichi. Mifupa ikikaa vibaya, meno hujaribu kufidia. Yako ya juu yamejilaza kwenda mbele, ya chini yamejilaza kwenda ndani, ili yakutane hata kidogo. Kabla ya upasuaji waya zinayasimamisha wima kwenye mfupa wake. Fidia ikiondoka, tofauti halisi ya mataya inajitokeza yote. Ni kipindi kigumu, kinaweza kuwa mwaka mmoja au zaidi, na wengine wanaweza kukuuliza kwa nini unatibiwa huku unazidi. Waambie watu wako wa karibu mapema. Daktari wa upasuaji anahitaji meno yawe hapo ili akishayapanga mataya, nayo yakutane.

Na bado ni hiari yako. Daraja la tatu la wastani, mwenye nalo akiwa anakula, anaongea na haoni shida, hakuna anayemlazimisha. Upasuaji wa taya una hatari zake, mojawapo ni ganzi ya mdomo wa chini na kidevu ambayo kwa baadhi haiondoki. Mwulize daktari wa upasuaji hilo kwa jina lake.

Taya Mbele

Asante sana daktari. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Hilo la fidia sasa nimelielewa.

Binti Kitabu

Natia nanga. Daktari ukiwa bado upo, jino linasogeaje kwenye mfupa bila kung'oka? Na kwa nini mwaka na nusu mpaka miaka miwili, isiwe miezi mitatu?

Daktari wa Magego

Jino halikugandishwa kwenye mfupa. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzi, unene wake ni kama robo ya milimita. Ukilisukuma jino kwa nguvu ndogo isiyokatika, upande unaobanwa seli zinakula mfupa, upande unaovutwa seli nyingine zinajenga mpya. Jino linasafiri pamoja na tundu lake. Kasi yake ni karibu milimita 1 kwa mwezi. Ukizidisha nguvu ili uwahi, damu inakatika kwenye ule utando, sehemu hiyo inakufa kwa muda na jino linasimama. Kwa hiyo anayekuahidi haraka kwa kukaza zaidi anakuumiza na anakuchelewesha.

Nyaya tunazoanza nazo siku hizi ni za nikeli na titani. Aloi hiyo ilitoka kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, ikaingia kwenye meno miaka ya 1970. Unaikunja ifike kwenye jino lililopinda, nayo inataka kurudi kwenye umbo lake taratibu, kwa nguvu ileile ndogo wiki hadi wiki. Zamani waya wa chuma cha pua ulipaswa kukunjwa na kukazwa kila ziara.

Hatari nazo zisemwe. Ncha ya mzizi hupungua kidogo, mara nyingi milimita moja au mbili, ambazo hazileti shida, lakini kwa wachache hupungua sana. Ndiyo sababu ya eksirei katikati ya matibabu. Mtu mwenye ugonjwa wa fizi ambao haujatulia asifungwe waya kabisa, atapoteza mfupa. Na usafi: utando wa uchafu ukikaa kuzunguka vile vyuma vilivyobandikwa, madini ya jino yanatoka. Siku ya kutoa waya unakuta meno yamenyooka yana madoa meupe ya mraba kila moja. Hilo linauma, kwa sababu mgonjwa alikuja kwa ajili ya mwonekano.

Msaidizi wa Kiti

Madoa hayo ndiyo yanayonifanya nirudie wimbo uleule kila ziara. Dawa ya meno yenye floraidi, mswaki wa kawaida kisha kile kibrashi kidogo chembamba kinachopita chini ya waya, juu ya chuma na chini ya chuma. Vinywaji vya sukari kila saa vinaua kazi. Kama fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, usiache kupiga mswaki hapo, zinatoka damu kwa sababu hapajasafishwa.

Kona ya Kulia

Mimi nina swali la aibu kidogo. Mstari wa katikati wa meno yangu ya juu hauko sawa na wa chini, umepinda kulia. Nimeuona kwenye picha, tangu hapo siwezi kuacha kuuona. Sipigi picha tena. Kila ninayeongea naye nahisi anatazama hapo.

Msaidizi wa Kiti

Ndugu, hakuna aibu hapo.

Mwaka 1999 huko Marekani, Kokich na wenzake walichukua picha za tabasamu, wakazibadilisha kidogo kidogo kwa kompyuta, wakawaonyesha mabingwa wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida, na watu wasio na taaluma hiyo. Mstari wa katikati ulipohamishwa milimita 4, mabingwa ndio waliouona kuwa unapunguza uzuri. Madaktari wa kawaida na watu wengine hawakuugundua. Milimita 4, ndugu yangu, ni karibu nusu ya upana wa jino la mbele. Walichokiona wote, hata wasio na taaluma, ni meno ya mbele kulala upande kwa milimita 2 tu. Mstari mzima wa meno kuinamia upande mmoja, mabingwa waliona kwenye milimita 1, watu wa kawaida mpaka 3.

Macho ya watu hayatembei na rula. Wanaona kilicholala na kilichoinama, na mstari uliohama lakini umesimama wima unawapita.

Hata hivyo mstari kuhama kunaweza kuwa na sababu nyuma yake. Kama unaona taya linateleza kwenda kulia ukifunga, onana na daktari aangalie magego. Kama halitelezi na unatafuna pande zote, basi unachohitaji kuamua ni kama wewe mwenyewe unataka kubadilisha, bila kuwaza anayetazama. Na ikiwa umefikia kuacha kupiga picha na kukwepa watu, zungumza na mtu kuhusu hilo lenyewe pia, maana kuna wanaonyoosha meno yote na hofu ikahamia kwenye pua.

Kona ya Kulia

Nimepima kwa rula sasa hivi mbele ya kioo. Haifiki 2. Nimekaa kimya kwanza.

Mpenda Mwanya

Na sisi wenye mwanya? Kila nikienda kusafisha meno naambiwa "tunaweza kukufungia hapo katikati." Sijaomba. Mwanya wangu naupenda.

Daktari wa Magego

Mwanya wa meno mawili ya mbele, kama fizi ni nzima na mwanya haupanuki, haudhuru kitu. Baki nao. Ukianza kupanuka ukubwani, hapo njoo haraka, kwa sababu mara nyingi inamaanisha mfupa unaoshikilia meno umepungua. Mwanya uliokua nao na mwanya uliokuja juzi havitibiwi kwa namna moja.

Kijana wa Plastiki

Nani ametumia zile plastiki zinazoonekana kama hazipo? Naona matangazo ya kampuni zinazokutumia kifaa cha kupimia, unajichukua umbo la meno mwenyewe nyumbani, wanakutumia plastiki kwa posta. Hakuna daktari, hakuna eksirei. Nafuu sana ukilinganisha.

Msaidizi wa Kiti

Plastiki zenyewe ni matibabu halali. Kampuni ya Align Technology inayozitengeneza ilianzishwa mwaka 1997, na sasa kampuni za namna hiyo ziko nyingi. Kila plastiki inasogeza jino sehemu ndogo ya milimita, unavaa saa 22 kwa siku, unatoa kwa kula na mswaki tu. Kwa mbanano wa kawaida na mianya zinafanya kazi vizuri. Kwa kuzungusha chonge au kushusha jino lililo juu zinasumbuka, ndiyo maana daktari anabandika vinundu vidogo vya rangi ya jino ili zipate pa kushikia.

Tatizo langu ni hiyo posta. Daktari wa Magego hapo juu ameeleza fizi na mizizi. Nani ataangalia mfupa wako kabla ya kusogeza jino? Umbo unalolichukua nyumbani linaonyesha mataji ya meno, halionyeshi mizizi. Na wengi wa kampuni hizo wanakunyooshea meno ya mbele tu, wanaacha magego yalivyo. Unaweza kupata safu nzuri kwenye kioo na meno yanayogongana vibaya ukitafuna. Hapo tumerudi kulekule kwenye mada: wamekutibu kinachoonekana.

Mama Pacha

Narudi na swali jingine. Daktari aliyesema tusubiri amesema huenda ang'olewe meno manne mazima. Manne! Nimesoma mtandaoni kwamba kung'oa kunabonyeza uso.

Daktari wa Magego

Mabishano haya yana zaidi ya miaka 100. Angle, yule wa mwaka 1899, alikuwa mkali: hakuna kung'oa, kila mtu ana nafasi ya meno yake yote. Mwanafunzi wake Charles Tweed alimfuata hivyo hivyo, kisha akaona meno ya wagonjwa wake yanarudi kubanana na midomo imesukumwa mbele. Akawatibu upya baadhi yao kwa kung'oa na kuonyesha matokeo kabla na baada. Baada yake kung'oa kukawa kawaida, hata kukazidi. Sasa tuko katikati.

Swali si kung'oa au kutong'oa. Ni nafasi inayokosekana ni milimita ngapi, na midomo iko wapi. Mtoto ambaye midomo yake tayari imesukumwa mbele na meno yamebanana sana, ukiyapanga yote bila kung'oa utayatoa nje ya mfupa na midomo haitafunga. Mtoto mwenye uso bapa na mbanano mdogo, ukimng'oa unaweza kumrudisha ndani kupita kiasi. Omba uonyeshwe eksirei ya pembeni na hesabu ya nafasi. Kwa miaka 8 hakuna anayepaswa kuwa na uhakika wa mia kwa mia bado.

Uwazi wa Mbele

Na wale wanaosema waya zitaponya taya linalolia na kichwa kinachouma? Mimi niliahidiwa hivyo.

Daktari wa Magego

Ushahidi hauonyeshi kwamba waya zinaleta ugonjwa wa kiungo cha taya, wala kwamba zinauponya. Maumivu ya taya yatibiwe kivyake. Tibu mng'ato wako kwa sababu magego yanalika, hiyo inatosha.

Aliyemaliza

Nimefungua waya mwaka jana. Nipewe ukweli, retena, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, nivae mpaka lini? Kila mtu ananipa jibu lake.

Msaidizi wa Kiti

Mpaka pale utakapokubali meno yasogee. Samahani kama linasikika kali, lakini ni bora ulijue.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafuatilia wagonjwa waliong'olewa meno na kupangwa vizuri, kisha wakaacha retena. Miaka 10 baadaye, walio na meno ya mbele ya chini bado katika hali ya kuridhisha walikuwa chini ya theluthi moja. Na hata asiyewahi kufunga waya, meno ya chini hujibana kadiri umri unavyosonga. Gego la mwisho husingiziwa sana, lakini kuling'oa kwa ajili ya kuzuia mbanano tu hakuna ushahidi wa kutosha.

Kwa kawaida ni kila siku kwa miezi ya mwanzo kama daktari atakavyokupangia, kisha usiku tu, na usiku huo hauna mwisho. Ukiivaa baada ya kuikosa siku kadhaa na ikabana, ujue meno yalishaanza safari.

Aliyemaliza

Yangu ya chini ni waya uliogandishwa nyuma ya meno, ya juu ni ya plastiki. Ya plastiki imeanza kunuka, nimejaribu kuichemsha.

Msaidizi wa Kiti

Usichemshe tena, plastiki inapinda kwenye maji ya moto na ikipinda itasukuma meno pasipotakiwa. Jaribu kuivaa leo. Kama inakaa juujuu pembeni au inayumba, usiilazimishe, nenda ukapimwe nyingine wiki hii. Mpya uisafishe kwa maji ya kawaida, sabuni ya maji kidogo na mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, na uitunze kwenye kasha lake, maana nyingi hupotea kwenye tishu mezani. Ule waya wa chini, pitisha uzi wa meno chini yake kwa sindano ya plastiki, na ulimi wako ukihisi jino moja limeachia gundi, piga simu siku hiyohiyo hata kama haliumi.

Aliyemaliza

Inayumba upande wa kushoto. Nimepata nafasi Alhamisi.